Mkubwa akifa, mwenza anabaki na mji?

Jumapili ya tarehe 12 Julai 2015 nilikuwa soko la Majengo, hapa Dodoma, mbele ya meza ya bibi mmoja wa Kigogo anayeuza mlenda mkavu, karanga na ubuyu. Mlenda anaupima kwa kopo la maziwa ya unga. Akishajaza hulipiga ubavuni kwa kiganja mara mbili, unga ukashuka, kisha anaongeza mpaka ufanye kichuguu juu. Hapunji mtu. Julai kwetu ni mwezi wa baridi na upepo, vumbi linakwaruza mpaka menoni, na siku hiyo bibi alikuwa na khanga mbili begani juu ya sweta la kiume. Redio ndogo iliyotundikwa kwenye msumari ilikuwa ikirudia habari ile ile: Mkutano Mkuu wa CCM umemteua Dk. John Magufuli kugombea urais, na mgombea mwenza ni Samia Suluhu Hassan.

"Mbukwa, mwanangu. Huyo mama wa Unguja ndiyo nani?"

"Mgombea mwenza tu, bibi."

"Mwenza wa nani?"

Nikamweleza kwamba mgombea urais haendi kwenye kura peke yake, ana mwenzake, na wakishinda huyo mwenzake anakuwa makamu. Bibi akafikiri kidogo, kopo mkononi. Neno mwenza kwake ni neno la nyumbani. Mke mwenza ni yule mnayegawana mume, kila mmoja na nyumba yake ndani ya mji mmoja, yaani kaya moja, na mke mkubwa akiondoka duniani kila mtu anajua mwenza ana nafasi gani. Kutoka huko ndiko alikotoa swali lake.

"Sasa mkubwa akifa, huyo mwenza anabaki na mji?"

"Aa, bibi, tusiombe hayo," nikasema. Nikalipa, nikaondoka na mlenda wangu.

Wakati ule nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, natuma taarifa kwa kituo kimoja cha redio. Nilikuwa sijalala vizuri siku tatu, nimekesha nje ya vikao nikihesabu majina. Nilikuwa na madaftari mawili yaliyojaa. Swali la maana kuliko yote ya wiki ile niliulizwa sokoni na mama asiyekuwa na kitambulisho cha uandishi, nami sikuliandika. Makala hii naiandika kwa sababu ya swali hilo.

Waliokuwepo Dodoma wiki ile hawajaisahau. Alhamisi Rais Jakaya Kikwete alikuwa amelivunja Bunge, wabunge hawajaondoka, wajumbe wa mkutano wanaingia, nyumba za wageni zimejaa mpaka watu wanalala kwenye magari. Wanachama 42 walikuwa wamechukua fomu za kuomba kuteuliwa na 38 wakazirudisha. Ijumaa tarehe 10 Kamati Kuu ikabakiza watano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Jina la Edward Lowassa halikuwemo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, yaani Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wakatoka nje na kuwaambia waandishi kwamba wanajitenga na uamuzi ule. Kesho yake wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini kwamba wana imani na Lowassa, mwenyekiti akiwa mbele yao. Halafu yakabaki majina matatu.

Vikao vyote vile vilikuwa vya ndani, sisi tulikuwa wa nje. Na mwandishi anayekaa mlangoni habari yake inakuwa ya mlango: nani katoka, katoka na uso gani, kapanda gari la nani. Ukipata sentensi moja kutoka kwa mjumbe anayekwenda msalani, unajiona umepata dhahabu. Mhariri wangu alinipigia kutoka Dar es Salaam mara tatu usiku ule, na mara zote tatu aliuliza kitu kimoja: "Lowassa anasemaje?" Hakuniuliza kuhusu waliobaki. Nami sikumkumbusha, maana hata mimi nilitaka kujua Lowassa anasema nini.

Nisieleweke vibaya. Habari ya Lowassa ilikuwa kubwa kwelikweli. Waziri Mkuu aliyejiuzulu mwaka 2008, aliyejijengea mtandao nchi nzima, anakatwa kwenye hatua ya kwanza. Tarehe 28 Julai anahamia Chadema. Oktoba anapata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Mwandishi aliyeiacha habari hiyo angekuwa hajui kazi yake. Ninachosema ni kwamba tuliifuata mpaka ikatufunika macho tusione kilichokuwa mezani.

Mezani kulikuwa na nini? Tangu vyama vingi virudi, Mkutano Mkuu wa CCM ulikuwa umepigia kura majina matatu mara mbili, zote hapa Dodoma. Mwaka 1995 walikuwa Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Mkapa alimshinda Kikwete katika duru ya pili kwa kura 686 dhidi ya 639, na waliokuwepo wanasema ungeweza kusikia karatasi ikianguka. Mwaka 2005 walikuwa Kikwete, Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Wote wanaume. Mwaka 2015 yalipobaki majina matatu, mawili yalikuwa ya wanawake. Kwa mara ya kwanza mjumbe aliyeingia chumba cha kura alikuwa na karatasi ambayo sehemu kubwa yake ni wanawake, na karatasi yenyewe ni ya kumpata mgombea urais wa chama ambacho hakijawahi kushindwa.

Matokeo: Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59.

Sisi tukasoma mstari wa kwanza. Niliposikia 253 na 59 nilichoandika daftarini ni "waliobaki". Naliona neno hilo mpaka leo, limepigiwa mstari chini. Amina Salum Ali alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Zanzibar na alikuwa balozi wa Umoja wa Afrika nchini Marekani. Migiro alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wetu wa Mambo ya Nje, kisha akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Watu wa namna hiyo wanapata kura 253 na 59. Hapo kulikuwa na uchambuzi wa wiki nzima. Je, wajumbe waliwakataa wao, au walikuwa wameshaamua kumpa Magufuli na majina mengine yakawa ya kusindikiza? Kamati Kuu iliwaweka kwa sababu iliamini wanaweza, au kwa sababu ilijua hawatashinda? Sikumsikia mwenzangu hata mmoja akiuliza hivyo kwa sauti, wala mimi sikuuliza. Tulisema tu kwamba chama "kimewakumbuka akina mama", tukahamia kwenye habari nyingine. Huyo Migiro wa kura 59, Agosti 2025 ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushika ukatibu mkuu wa CCM.

Na mwaka ule ule, kilomita chini ya 250 kutoka hapa, kulikuwa na habari nyingine tuliyoipita mbio. Anna Mghwira, mzaliwa wa Singida, mwanasheria aliyesomea pia teolojia, mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, aliteuliwa na chama chake kugombea urais. Wagombea walikuwa wanane na yeye ndiye mwanamke peke yake. Hakuwa wa kwanza Tanzania, maana Anna Senkoro wa PPT-Maendeleo alishagombea mwaka 2005. Mghwira alipata kura 98,763 na kushika nafasi ya tatu. Mbele yake walikuwa wanaume wawili wenye kura za mamilioni, nyuma yake wanaume watano. Nilipopekua madaftari yangu ya mwaka ule nimelikuta jina lake mara nne, na mara zote nne nimelifuatisha na maneno "mwanamke pekee". Hakuna palipoandikwa alitaka kufanya nini na ardhi, na kodi, na Katiba. Alifariki Julai 2021. Sisi watu wa kanda ya kati tunapenda kulalamika kwamba nchi inatukumbuka wakati wa njaa tu. Lakini mtoto wetu alipoomba urais, sisi wenyewe tuliomhesabu tukamhesabu kwa jinsia yake tukanyamaza.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Julai 2016 chama cha Democratic cha Marekani kilipomteua Hillary Clinton, mwanamke wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa cha nchi ile, baadhi ya magazeti makubwa ya kule yalitoka kesho yake na picha ya mumewe ukurasa wa mbele, kwa sababu mume ndiye aliyehutubia usiku ule. Nilipoziona picha zile niliona aibu kana kwamba nimezipanga mimi.

Lakini kosa letu la Dodoma lilikuwa na kitu cha zaidi, na ndicho alichokiona bibi wa Majengo. Tulikosea kusoma Katiba.

Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 1977, kama ilivyorekebishwa miaka ya tisini, inasema wazi: kiti cha Rais kikiwa wazi kwa kifo, kujiuzulu, kupoteza sifa au kushindwa kazi kwa maradhi, Makamu wa Rais anaapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki wa miaka mitano. Hakuna uchaguzi mdogo. Spika hakai kwa muda. Kwa hiyo mgombea mwenza, tangu utaratibu huu uanze mwaka 1995, ni mgombea urais wa pili kwenye karatasi moja. Anapotajwa, anatajwa mtu anayeweza kuamka asubuhi akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Jinsi tunavyomwandika, utadhani ni mpambe wa bwana harusi. Tunasema ametoka upande wa pili wa Muungano kama Katiba inavyotaka, tunasema ni "chaguo la busara", tunamweka pembeni ya picha.

Wala hatukuwa na udhuru kwamba hatujawahi kuona kifo kwenye ngazi hizo. Dk. Omar Ali Juma, mgombea mwenza wa kwanza wa utaratibu huu, alifariki Julai 2001 akiwa Makamu wa Rais, na Ali Mohamed Shein akaingia. Kifo kilishafika ofisi ile. Kilikuwa hakijapanda ngazi moja tu.

Na Samia hakuwa mgeni kwetu, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka mmoja tu nyuma, 2014, alikaa mji huu huu miezi kadhaa akiwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba chini ya Samuel Sitta. Wajumbe zaidi ya 600, makundi yasiyosikilizana, Ukawa, ule umoja wa wapinzani, wametoka ukumbini, nchi nzima inatazama. Nilikuwa juu kwenye viti vya waandishi siku nyingi akiwa kwenye kiti. Ningeweza kueleza anavyoendesha kikao kilichochafuka, anamkatiza nani na anamwacha nani amalize, anabadili sauti wakati gani. Mtu akitaka kujua rais wa namna gani anakuja, hayo ndiyo ya kutazama. Julai 2015 nilimwandikia mistari mitatu: kazaliwa Makunduchi, ni Waziri wa Nchi anayeshughulikia Muungano, ni mwanamke wa kwanza kuwa mgombea mwenza wa CCM. Nikaongeza kwamba ukumbi ulishangilia.

Usiku wa Jumatano tarehe 17 Machi 2021 ndiyo tulilipa deni. Mgombea mwenza "tu" alitokea kwenye televisheni, yeye mwenyewe, akalitangazia taifa kwamba Rais Magufuli amefariki. Simu yangu haikutulia mpaka alfajiri, na sehemu kubwa ya waliopiga hawakuniuliza kuhusu marehemu. Waliuliza: sasa inakuwaje? Nani anashika? Kuna uchaguzi? Watu wazima, walimu, wafanyabiashara, hata mtumishi mmoja wa serikali. Picha ya ukurasa wa Ibara ya 37 ikawa inazunguka kwenye WhatsApp kama tangazo la kupotelewa. Wananchi wanasoma kanuni ya kurithi kiti siku ambayo kiti tayari kiko wazi, miaka sita baada ya sisi waandishi kuwa na nafasi ya kuwaeleza wakiwa wametulia.

Alhamisi ikapita kwenye uvumi. Ijumaa tarehe 19 akaapa Dar es Salaam. Jumatatu tarehe 22 mwili wa marehemu ulikuwa hapa, uwanja wa Jamhuri, na mbele ya marais wa nchi nyingine Samia akawaambia waliokuwa na shaka kwamba aliyesimama pale ni Rais, akarudia kwamba ni Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania mwenye maumbile ya mwanamke. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa lango, na maneno yale yaliniingia kama lawama. Rais aliyepatikana kwa Katiba isiyo na utata, siku tatu tu tangu aapishwe, msibani, analazimika kueleza kwamba yeye ni Rais. Mashaka yale yana mizizi mingi, lakini mmoja ni sisi. Tulikuwa tumewazoesha watu kumwona kama kipande cha picha ya mtu mwingine.

Nataka niseme kitu kuhusu neno Mama, maana tangu 2021 limekuwa jina la kazi. Sina ugomvi nalo. Mimi mwenyewe naitwa kwa jina la mwanangu wa kwanza kila ninapopita, na ninaitika kwa moyo mweupe. Kwa Kiswahili kumwita mwanamke mama ni kumpa heshima yake. Shida inaanza neno likihama kutoka kwenye salamu kuingia kwenye uchambuzi. Mama hahojiwi na watoto. Mama akigawa chakula, anayeuliza kwa nini nyama ni ndogo anaonekana hana adabu. Ukishaandika "Mama ameamua", umeshamfungia msomaji mlango wa kuuliza uamuzi ulipita kikao gani. Magufuli aliitwa tingatinga, na tingatinga unaweza kuuliza limebomoa nyumba ya nani. Kwa neno moja la heshima tulimtoa Samia pembeni ya picha mwaka 2015 tukamweka katikati yake mwaka 2025, bila kupita mahali pa kati, pale ambapo kiongozi anaulizwa maswali ya kawaida.

Hapo ndipo nafika kwenye uteuzi wenyewe wa kihistoria, ule wa Januari 2025. Mkutano Mkuu Maalumu uliitwa hapa tarehe 18 na 19. Kazi iliyojulikana ilikuwa kumpata makamu mwenyekiti wa Bara baada ya Abdulrahman Kinana kuondoka, na Stephen Wasira akachaguliwa. Siku ya pili wajumbe wakapitisha wagombea urais: Samia kwa Muungano, Hussein Mwinyi kwa Zanzibar, na mgombea mwenza akatajwa kuwa Emmanuel Nchimbi. Kwa mara ya kwanza tangu TANU na ASP ziungane mwaka 1977, chama tawala kilikuwa kimemteua mwanamke kugombea urais wa nchi.

Nilikuwa nje ya ukumbi wa Jakaya Kikwete, ule ule uliokuwa mpya mwaka 2015. Matarumbeta, kijani na njano mpaka barabara kuu, akina mama wanalia, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Mama mmoja kutoka Kondoa alinishika mkono akaniambia binti yake yuko kidato cha pili na sasa atamwambia kitu. Siwezi kumdharau mtu huyo, wala furaha yake. Nami nilikuwa nayo yangu, na sioni sababu ya kuificha.

Ila siku ile nilikuwa nimeshakubali kwamba nadaiwa na bibi wa Majengo, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikaandika maswali. Kwa nini Januari, miezi tisa kabla ya uchaguzi, wakati uteuzi wa nyuma ulifanyika katikati ya mwaka wa uchaguzi? Fomu zilitolewa lini? Jina lilipita kwanza wapi? Utaratibu wa kumwachia rais aliyepo ngwe ya pili bila mshindani ndani ya chama upo, Mkapa, Kikwete na Magufuli wote walipita hivyo. Lakini wale watatu walishawahi kushindanishwa wakashinda kwanza. Samia alikuwa ameingia kwa Ibara ya 37, na kwa kuwa alikaa zaidi ya miaka mitatu, Ibara ya 40 inamruhusu kugombea mara moja tu. Je, utaratibu ule unamhusu mtu wa namna hiyo? Inawezekana kabisa jibu ni ndiyo. Mtu akinipa hoja nitamsikiliza. Nilichotaka ni swali lichapishwe siku ya habari yenyewe.

Halikuchapishwa, angalau nilikopeleka mimi. Niliambiwa kwa upole kwamba wakati ule haukuwa wake, tusiharibu siku ya kihistoria. Nimelifikiria sana jibu hilo. Mwaka 2015 hatukuuliza kwa sababu hatukuiona historia. Mwaka 2025 tuliiona, na kuiona kukawa ndiyo sababu ya kutouliza. Waliouliza walikuwepo ndani ya chama chenyewe, Dk. Godfrey Malisa, kada wa Kilimanjaro, aliuhoji uteuzi ule hadharani na mwezi uliofuata akafukuzwa uanachama. Habari yake ilitoka. Hoja yake, kwa kiwango cha kuielewa na kuipima, ilipata nafasi ndogo.

Yaliyofuata Oktoba nchi nzima inayajua, na hayatoshi kwenye makala ya mtu mmoja. Chadema haikuwa kwenye karatasi ya kura. Tundu Lissu, mwana mwingine wa Singida aliyewahi kuteuliwa kugombea urais, alikuwa mahabusu kwa mashtaka ya uhaini. Siku ya kura, tarehe 29, maandamano yakazuka, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, na Tume ikatangaza ushindi wa zaidi ya asilimia 97. Baadaye Rais akaunda tume ya kuchunguza. Sisemi swali moja la Januari lingezuia risasi ya Oktoba. Ninasema mwandishi aliyejizoeza kunyamaza mlangoni kwenye sherehe hawezi kupata sauti ghafla siku intaneti imezimwa. Nilikuwa na madaftari siku zile pia. Sikuwa na pa kupeleka.

Mvua za mwaka huu zimeanza, na mlenda sokoni sasa ni mbichi, umefungwa mafungu kwa kamba za mkonge. Bibi bado yupo. Kopo ni lile lile, limeingia kutu kwenye mshono, sikio moja halisikii vizuri na mjukuu ndiye anayehesabu chenji. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikamkumbusha swali lake la mwaka ule. Hakulikumbuka. Nikamweleza tena: mkubwa alikufa, na mwenza alibaki na mji, kama ulivyouliza.

Akaitikia taratibu, kama mtu anayeambiwa jambo ambalo alishalijua. Halafu akageuza sikio linalosikia upande wangu.

"Na mwenza wa huyu wa sasa ndiyo nani?"

Nikamwomba mjukuu kigoda, nikakaa. Nikamwambia anaitwa Emmanuel Nchimbi, kwao ni Ruvuma. Na ili amjue vizuri, nikaanzia Julai 2015, usiku ule wa Kamati Kuu, kwa mtu aliyetoka mlangoni kusema hakubaliani.